Herufi Moja Kabla ya Mwanamke

Wazazi wetu walipofariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Niliacha shule darasa la sita, nikakalia cherehani ya marehemu mama kwenye baraza la Mchaga mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo. Mdogo wangu akasoma mpaka akamaliza sekondari, akapata kazi kwenye ofisi moja kule Posta. Jioni, nikipiga pasi nguo za wateja, alinifundisha Kiingereza.

Kilichonishinda ni "the". Kwetu ukisema "mtu", msikilizaji anajua mwenyewe ni yupi. Basi nikaiweka kila mahali: the Kariakoo, the mimi.

"Dada, unaimwaga kama chumvi ya bure," alinicheka.

Kisha akanieleza taratibu. "The" ni ya mtu ambaye mimi na wewe tunamjua. "A" ni ya yeyote, wa kupita njia. Kanuni hiyo niliishika kwa kuwatazama watu pale barazani. Mwenye gauni la harusi, niliyempima mara tatu, alikuwa the. Aliyesimama kuuliza njia ya Mnazi Mmoja alikuwa a.

Asubuhi moja mdogo wangu alisahau nyumbani funguo za kabati la ofisini. Nikafunika cherehani, nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu. Mlinzi wa mlangoni akaniambia, "Karibu, ndugu." Miaka ile sote tulikuwa ndugu, mkurugenzi na mfagiaji. Ndani nikamkuta amesimama na wenzake wawili, amevaa shati nililomshonea mwenyewe. Alizipokea funguo haraka. Mmoja wao akamwuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

Nikaanza kutabasamu, maana swali nililielewa na jibu nililijua.

"A woman from Kariakoo," akasema.

Mwanamke fulani. Wa kupita njia. Asingenifundisha yeye, ningetoka pale nikidhani amenitambulisha vizuri.

Jioni alirudi, akanawa mikono, akaketi mkekani. Akauliza leo tusome nini. Nikamwambia leo nauliza mimi.

"Dada aliyekulea, ukimtaja, ni a au ni the?"

Aliitazama sahani, ambayo bado ilikuwa tupu.

"Inategemea unaongea na nani, dada."

Kwa kanuni, alikuwa sahihi. Nikampakulia wali, nikaongeza mchuzi kama anavyopenda, nikarudi kwenye pasi yangu. Baadaye akauliza kama tutaendelea na somo.

Nikamwambia hapana, hili nimeshalielewa.