Mama Dobi na Hakimu wa Hukumu Mbili

Mama Dobi alikuwa mwanamke wa maneno machache na sabuni nyingi. Tangu afiwe na mumewe, aliwalea binti zake kwa kufua mashuka ya nyumba za wageni, na shuka lake likianikwa uani, mpita njia alilazimika kufinya macho kwa weupe. Taabu ilianza jirani yake, fundi seremala, alipoleta msumeno wa umeme. Upepo ukivuma, unga wa mbao uliruka ukuta na kutua juu ya mashuka mabichi, yakawa kama samaki waliopakwa unga wakingoja kikaango.

Alimwomba kwa upole, kisha kwa ukali.

"Upepo sikuuajiri mimi, mama," fundi alimjibu.

Mama Dobi akaenda mahakamani.

Hakimu aliyepewa kesi ile alikuwa muungwana kupita kiasi. Alisikiliza pande zote mbili, akaja mwenyewe uani kutazama, akapiga chafya kwa lile vumbi, na akaomba radhi kwa kila chafya. Mwishowe akasema ushahidi umekamilika. Hukumu ataisoma tarehe atakayopanga.

Hapo ndipo walipoanza kupigwa danadana. Tarehe ikifika, karani anatoka na uso wa msiba: hukumu haijawa tayari. Mara hakimu yuko semina, mara ana mafua, mara kuna kitabu kimoja hajakimaliza. Kesi ilipofunguliwa, binti mkubwa wa Mama Dobi alikuwa anaanza sekondari. Akamaliza, akaolewa, akarudi kwa mama yake kujifungua, na hukumu bado.

Mwanzoni mahasimu wale walikaa ncha mbili za benchi, kila mmoja akitazama ukuta wake. Lakini benchi la mahakama lina tabia ya kuwasogeza watu. Siku moja mvua ilinyesha, na mwenye mwavuli alikuwa fundi peke yake. Siku nyingine fundi alisinzia, Mama Dobi akamgusa bega majina yao yalipoitwa, ingawa waliitiwa kuambiwa warudi. Baadaye wakawa wanapitiana asubuhi ili waende pamoja.

Fundi akauhamishia msumeno nyuma ya nyumba, akaujengea banda.

"Usidhani nimekiri kosa," alimwambia. "Nimechoka tu kuuona uso wako umekunjamana."

"Sawa. Lakini kesi siifuti. Nataka niambiwe nilikuwa na haki."

"Na mimi nataka niambiwe hivyohivyo."

Ndipo Mama Dobi alipopata wazo la kumshtaki hakimu mwenyewe kwenye kamati ya nidhamu ya mahakimu. Fundi alisita, akisema mwenye kisu si mtu wa kuchokozwa.

"Kisu gani, baba? Huyu hajakata chochote mpaka leo."

Wakaenda wote wawili. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliwatazama kwa zamu.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Sisi," walijibu kwa pamoja.

"Si ninyi mnaoshtakiana?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema fundi. "Ila kwa hili tuko upande mmoja."

Hakimu alisimama. Hakukana kitu. Alieleza kwamba hukumu aliiandika zamani, tena aliandika mbili: katika moja mama ameshinda, katika nyingine fundi ameshinda. Kila akisoma moja, anaiona ile nyingine ndiyo yenye haki.

"Na ulikuwa unangoja nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilitumaini watapatana, mheshimiwa."

Mama Dobi akanyanyuka kabla hajaruhusiwa. "Tulishapatana siku nyingi. Aliyebaki kutusumbua ni wewe."

Hata mwandishi wa kamati aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Lakini adhabu haikuwa ya kicheko: hakimu alipewa karipio kali, akaamriwa asome hukumu zote alizozilimbikiza ndani ya mwezi mmoja, na baada ya hapo asimamishwe kazi kwa muda bila mshahara.

Akazisoma. Yao ilisema: Mama Dobi ameshinda. Fundi akampa mkono. Mama Dobi alitarajia moyo wake ungeruka. Badala yake alijiona kama mtu aliyeng'olewa jino bovu, ulimi bado unalitafuta.

"Unawaza nini?" Mama Dobi alimuuliza fundi walipotoka.

"Nawaza kukata rufaa."

"Ya nini tena?"

"Sijui. Nimezoea kutoka asubuhi."

Hakukata. Ila wiki chache baadaye mtu alibisha hodi uani kwa Mama Dobi. Alikuwa hakimu, bila joho, kavaa shati lisilopigwa pasi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimekuibia miaka."

Mama Dobi alimwangalia. Alikuwa na maneno aliyoyaweka akiba kwa muda mrefu, makali, lakini mtu mwenyewe alikuwa amekonda. Akatoa shuka zito kwenye beseni, akamtupia ncha moja.

"Shika hapo. Tulikamue."

Hakimu akalishika kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika viatuni. Akalitazama shuka, akamtazama mama.

"Nizungushe kulia au kushoto?"

"Amua, baba."

Akafikiri. Fundi, aliyekuwa amepanda juu ya banda lake akipigilia bati, aliacha nyundo ili atazame vizuri. Hatimaye hakimu akazungusha kwa nguvu zake zote, upande uleule aliokuwa akiufuata Mama Dobi, na shuka likazunguka lote bila kusokoteka, likabaki limejaa maji kama lilivyotoka kwenye beseni.