Weupe wa Chini Kushoto

Ofisini walimwita Bi Nukta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuweka nukta kwenye grafu, na aliziweka kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa takwimu wa hospitali, chumba kilekile, dirisha lilelile linalotazama kamba za mashuka ya wodini.

Asubuhi ile Daktari, mkuu wa utafiti, alimwachia majedwali ya tafiti kumi na saba zilizochapishwa, zote kuhusu vidonge vya kuzuia uchungu wa mapema kwa wajawazito. Zikijumlishwa, vidonge vilisaidia. Ijumaa kamati ya hospitali ingeamua kama vitolewe kwa kila mjamzito aliye hatarini. Mdogo wake Bi Nukta, mwenye mimba ya miezi saba, alikwisha kuanza kuvimeza. Aliposita, ni yeye dada mtu, aliyekwisha kuzisoma baadhi ya tafiti hizo zilipochapishwa, aliyemtoa wasiwasi: meza tu, nimeona hesabu zake.

Kila utafiti ni nukta moja. Tafiti kubwa hukaa juu, zimebanana. Ndogo hukaa chini, na bahati huzitawanya: kulia zinazoisifu dawa, kushoto zisizoisifu. Mambo yakiwa sawa, nukta hutengeneza umbo la faneli ya kumiminia mafuta iliyopinduliwa, mdomo mpana chini.

Alipoweka ya kumi na saba alirudisha kiti nyuma. Chini kulia nukta zilijazana kama nzi. Chini kushoto hapakuwa na kitu.

Bahati haipendelei upande. Weupe ule ulikuwa na maana moja tu iliyomjia: tafiti ndogo zilizoona dawa haisaidii zilifanyika, kisha hazikuchapishwa. Na utafiti mmoja wa namna hiyo aliujua mwenyewe.

Miaka saba nyuma, wajawazito thelathini na wanane, wodi ya chini. Alihesabu mwenyewe. Waliomeza vidonge walijifungua mapema kidogo kuliko wenzao. Daktari alilitazama jedwali, akapiga miayo, akasema majarida hayana haja na dawa isiyofanya kitu. Hakuna aliyedanganya. Bi Nukta alilifunga faili kwa utepe, akalisukuma kabatini, akaenda kula.

Sasa alilitoa. Nukta yake iliangukia chini kushoto, ikakaa pale peke yake, na weupe uliobaki ukaonekana mkubwa kuliko mwanzo.

Njiani kwenda kwa Daktari alisimama mara mbili. Angeweza kurudi na kuifuta, nani angejua? Alijiandaa kufokewa, pengine kufukuzwa. Alipowekewa grafu mezani, Daktari alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii ya kushoto ni ile yetu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Bi Nukta, wewe utanizeesha." Hakucheka. Alivuta droo ya chini, akatoa mafaili mawili ya hospitali aliyofanyia kazi zamani. Kote kuwili dawa haikufua dafu. "Weka na hizi," akasema, bila kumtazama usoni.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Bi Nukta sawasawa. Angefokewa, angalau angejua mbaya ni nani. Lakini ikiwa watu wawili tu, wasio na nia mbaya, walikuwa wamefungia tafiti tatu, makabati ya wengine yalikuwa na ngapi?

Alimpigia mdogo wake simu akiwa amesimama ngazini. Mdogo wake alikuwa anakunja nguo za mtoto. Kwanza aliuliza kama dada amekula, maana akiona nukta husahau sahani. Akaambiwa waende kliniki leo hii, wazungumze upya na daktari wake kuhusu vile vidonge.

"Si ulisema umeona hesabu zake?"

"Niliona zilizoletwa mezani."

"Kwa hiyo vinanisaidia au vinanidhuru, dada?"

Alitafuta ile sauti ya mkubwa, ile iliyomtuliza mwenzake tangu wangali wakilala kitanda kimoja. Haikuja.

"Sijui, mdogo wangu," akasema. "Vaa viatu. Nakuja, twende wote."