Saruji ya Mheshimiwa

Kwa zaidi ya miaka miwili mama yangu alikataa kaburi la mdogo wangu lisakafiwe, kwa sababu mheshimiwa wetu alisema lisisakafiwe. Sisi wengine siku ile tulisikia hotuba. Mama alisikia agizo.

Mdogo wangu alipigwa risasi na polisi Kisumu siku ya maandamano ya kuipinga serikali. Hakuwa anaandamana, ingawa hata angekuwa anaandamana ningeandika haya haya. Alikuwa anarudi Migosi, kwenye nyumba tuliyopanga pamoja, amebeba mkate na pakiti ya maziwa. Tulimzika nyumbani, juu kidogo ya Luanda Kotieno, ambako mama huuza samaki wa kukaanga kwa wanaosubiri feri ya Mbita. Kwetu mazishi bila mwanasiasa huonekana mazishi ya watu wasiojulikana, kwa hiyo jeneza lilingoja juani mpaka magari ya mheshimiwa yakafika. Mchungaji alikuwa amekwisha kuhubiri mara mbili.

Mheshimiwa alichukua maikrofoni, akaweka mkono wa kushoto juu ya jeneza.

"Naapa mbele ya huyu kijana," alisema, "mimi siwezi kaa meza moja na hao watu walimuua. Niliona na macho yangu, nilikuwa hapo kwa gari. Korti ikiniita nakuja na miguu yangu. Na nyinyi familia, msiweke simiti hapa! Ile postmotam yao hatutambui. Siku ya kesi daktari atakuja afukue, aangalie tena."

Watu walishangilia kama wako uwanjani. Mimi nilirekodi kwa simu. Mimi ni mwalimu wa historia, na nina ugonjwa wa kuhifadhi maneno ya watu.

Lazima nieleze kosa la mama, maana mtu wa mbali anaweza kumwona mjinga. Kwetu mtu haongopi akiwa amegusa jeneza. Mwizi aliyezoea kuapa kwa Biblia kila siku atakataa kuapa pale, kwa kuogopa balaa litakalomfuata hadi kwa watoto wake. Mama aliuona ule mkono, basi kwake shahidi alikuwa amepatikana. Hakujua kwamba wako watu wanaozunguka mazishi matatu kila Jumamosi, na kila jeneza wanaliwekea mkono.

Kaburi likabaki udongo mtupu. Mvua ya kwanza ililizamisha katikati, tukaongeza udongo. Mbuzi wa jirani walilipanda. Wajomba walinung'unika kwamba kijana anadharauliwa, na shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama mshahara wa mwalimu hauwezi kununua hata mifuko mitano ya saruji. Mama aliwajibu wote neno moja, kwamba daktari atakuja. Kila siku ya soko alienda kituo cha polisi kuulizia faili, nao walimwambia faili liko Kisumu. Nilipouliza Kisumu, niliambiwa liko Nairobi.

Wakati huo mheshimiwa alianza kusogea. Mwanzoni, kwenye redio, ilikuwa "kamwe." Miezi michache baadaye ikawa kuzungumza si dhambi. Kisha nchi ni kubwa kuliko mtu mmoja. Halafu watu wetu wamekaa kwenye baridi muda mrefu, na barabara haijengwi kwa matusi. Nilizihifadhi sauti zote kwenye simu, moja baada ya nyingine, na usiposikiliza kwa makini huwezi kujua ni wapi hasa alivuka. Siku aliyoapishwa kushika wadhifa serikalini, vijana wale wale wa pikipiki waliochoma matairi siku ya maandamano walimsindikiza kwa honi. Mama alikuwa ufukweni anageuza samaki kwenye karai, redio ya jirani ikiwa wazi kabisa.

"Ni vizuri," aliniambia jioni. "Sasa yuko ndani. Atasukuma kesi kutoka ndani."

Sikuwa na moyo wa kumbishia. Nilimpeleka nyumbani kwa mheshimiwa, mtaa wa Milimani.

Tulipokewa vizuri, siwezi kusema uongo. Tuliletewa soda na mandazi, na mheshimiwa mwenyewe alimshika mama mikono yote miwili. Mama alinywa nusu ya soda, akaweka chupa chini, akamuuliza atakwenda kortini lini.

"Mama," alisema, "hiyo wakati mambo ilikuwa moto. Kila mtu alikuwa na uchungu. Sasa tuko kwa serikali, tunatafutia watu maendeleo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Lakini uliona," mama alisema.

"Niliambiwa, mama. Niliambiwa na watu walikuwa hapo."

Hapo ndipo nilipotoa simu. Nilikuwa nimeifikiria dakika hiyo njia nzima: jinsi atakavyobadilika rangi, jinsi atakavyotafuta maneno. Nikacheza ile rekodi yote, mpaka kwenye makofi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akitikisa mguu polepole. Ilipokwisha alinitazama, akatabasamu.

"Nilizungumza vizuri hiyo siku," alisema. "Eh, mwalimu? Nitumie hiyo clip."

Nilimtumia. Mpaka leo sijui kwa nini. Aliniita mwalimu kwa heshima, akataja namba yake, na vidole vyangu vikatii. Nimefundisha watoto miaka kumi na minne kwamba ushahidi ndio msingi wa historia, na siku hiyo niliutoa kwa mwenye kosa kama zawadi, kumbe haukuwa na sumu yoyote. Hakukana sauti yake. Hakuwa na haja ya kukana.

Akitusindikiza mlangoni alimwambia mama, "Na huyo kijana asilale kwa matope. Nitatuma simiti."

Niliamini hiyo nayo ni ahadi ya hewa. Juma lililofuata gari lilileta mifuko ishirini na mchanga. Ndiyo ahadi pekee aliyoitimiza kwetu, na ndiyo pekee ambayo hatukuiomba.

Mama aliiacha mifuko barazani wiki tatu. Ilikuwa majira ya mvua ndefu, kaburi limezama tena, maji yamesimama juu yake. Mifuko ya chini ilianza kuganda. Wajomba walikuja, wakaigonga kwa fimbo, wakasema mali inaharibika na mtoto analala majini. Siku hizo mama alikuwa amepungua mwili, kifua kinambana, na usiku nilimsikia akikohoa. Asubuhi moja aliniita.

"Nikifa kabla hajafunikwa, utamfunika?"

"Nitamfunika, mama."

"Basi mfunike nikiwa naona."

Nilichanganya mimi mwenyewe, na binamu zangu wawili. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilipomimina karai la kwanza nilijua ninafanya nini: kama kulikuwa na kitu pale chini ambacho daktari angeweza kukionyesha, nilikuwa nakifungia. Niliona hasira, nikamwonea hasira hata mama, kisha nikaendelea kumimina, kwa kuwa zege halingoji mtu amalize kulia. Mpaka saa tisa tulikuwa tumelainisha juu kwa ubao. Lilikuwa kaburi zuri. Majirani walisema hivyo, na mmoja aliongeza kwamba mheshimiwa ana utu.

Mama aliinuka, akasogea karibu, akaongea naye kwa Dholuo, kwa sauti ya kawaida, kama anamwagiza dukani.

"Nyathina, mwanangu, nilikuambia hatutakufunika mpaka daktari aje. Nimekufunika. Na mimi nimegeuza maneno."

Kisha akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia, nikamshika bega, akanisukuma. Hakuwa analia. Alikuwa anaona aibu, na katika wote walioahidi kitu mbele ya yule kijana, ni yeye peke yake niliyemwona akiona aibu.