Kaka Hakutaka Kukimbia na Maji Tumboni

Kaka yangu alikuwa kuli wa kupakia malori kule Isaka, kwenye bandari kavu. Akitoka kazini alasiri, wakati wenzake wanatafuta kivuli, yeye alivaa raba akaja nyumbani kunichukua tukakimbie. Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na mbio nilifundishwa na yeye.

Hakunywa maji njiani. Kocha wake wa shuleni alimwambia kwamba maji yanamfanya mkimbiaji mzito, na aliliamini neno hilo. Nilipompa chupa yangu alisukutua mdomo, akatema.

"Utakunywa tukifika," aliniambia. "Tumbo likianza kucheza, mbio zimekwisha."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Kahama. Siku hiyo tulikuwa tumeshageuza kurudi aliponyamaza. Kwa kawaida alipiga soga njia nzima. Nikamtazama mgongoni. Fulana iliyokuwa imelowa jasho ilikuwa imekauka.

"Kaka, tutembee kidogo."

"Tembea wewe."

Akaanza kuyumba, akaacha barabara na kuingia kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Nilipomfikia alikuwa anatetemeka.

"Nasikia baridi," akasema, akaanguka.

Nilipiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matikiti kando ya barabara alikuja mbio na dumu lake la maji. Tukamvua fulana, tukammwagia mwili mzima. Ngozi yake iliunguza kiganja. Dereva wa fuso alisimama, akatusaidia kumpakia, akatukimbiza hospitali.

Walimtundikia dripu, wakamwekea vitambaa vya maji. Jioni alifumbua macho.

"Nimemaliza?" akaniuliza.

"Umemaliza, kaka."

Akatabasamu. Sikumsikia akisema neno jingine. Daktari alitueleza kwamba mwili ulikuwa umechemka mno, na figo zimekataa kufanya kazi. Kesho yake tukamrudisha nyumbani kumzika.

Nilidhani sitakimbia tena. Baada ya arobaini miguu ilinitoa yenyewe, alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Mama hakunizuia. Alianza kuamka kabla yangu, anachanganya maji na sukari na chumvi kidogo kama nesi alivyotuelekeza, ananijazia chupa, kisha ananipa na kikombe.

"Kunywa nikuone," anasema.

Nakunywa hata nisipokuwa na kiu, naye ananitazama kooni mpaka tone la mwisho. Njiani nakunywa tena, funda moja moja, na kila funda ni rahisi mno kulimeza, funda ambalo kaka alikuwa akilitema.

Juzi, nilipokuwa nafunga kamba za raba, mama aliniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza.

"Siku ile, alisema ana kiu?"

"Hapana, mama. Hakusema."

Alikichukua kikombe nilichokuwa nimekiweka chini, akaenda kukiosha. Alikiosha kwa muda mrefu sana.