Wakili Aliyevua Viatu

Juzi nilikuwa naomba kura mlango kwa mlango huko Columbia Heights. Mlango mmoja ulipofunguka, harufu ya iliki ilinikumbusha wakili aliyebisha kwetu, huko huko, alasiri moja nilipokuwa mdogo.

Alivua viatu mlangoni, na soli ya kimoja ilikuwa imetoboka. Nikaamini kabisa ni maskini anayeomba chakula nyumba kwa nyumba.

Mama, mhamiaji kutoka Lamu asiyejua Kiingereza, hakumpa nafasi ya kujieleza. "Mwambie ale kwanza," aliniamuru, akamwandalia mahamri na mbaazi za nazi. Kwa huruma nikamwongezea hamri langu.

Aliposhiba ndipo akasema anagombea ubunge wa jimbo.

"Mwambie ukweli, mwanangu," mama akasema. "Hatujawa raia. Kura hatuna."

Nilitafsiri nikidhani atainuka. Badala yake alitoa kalamu, akamwuliza mama mtaa wetu unahitaji nini.

"Taa kituo cha basi," mama akajibu, naye akaandika.

Sikukosea sana, kweli alikuwa akiomba. Leo mimi ni wakili, na katika bunge hilo la jimbo, huko Saint Paul, niko muhula wa pili. Juzi mwenye nyumba aliponiambia, "Dada, sisi hatuna kura," nilivua viatu nikaingia.