Tundu Juu ya Gunia Langu

Majuzi nilipita karibu na boma ambako wanawake walikuwa wakikandika ukuta, na harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo na jivu ikanijaa puani. Msinicheke. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya joto. Tuliisikia kila mwezi wa sita ulipokaribia, kabla ukungu haujaanza kushuka kutoka vilima vya upande wa Ogwedhi. Dani, mama yake Baba, alisema baridi hiyo ni mgeni asiyepiga hodi, na ukimnyima kiti hukaa kitandani.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka minane, na Mama alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Ndugu yangu Omondi alikuwa mdogo hivi kwamba kichwa chake kingeenea kwenye kikombe cha uji. Dani alimtazama, kisha akashika jembe akaenda kuchimba udongo.

"Huyu hawezi baridi hata kidogo," alisema. "Nyumba hii tuizibe kama kibuyu."

Kazi niliyopewa niliipenda sana. Dani alinifungia ndani mchana kweupe, nikae gizani nitafute kila palipopenya mwanga. Nikiona tundu, nachomeka unyasi mpaka utokeze nje, naye anaufuata na konzi la udongo.

"Nyakwara, mjukuu wangu, kuna lingine?"

"Lingine, Dani!"

Tuliziba mpaka mikono yake ikakauka kama ukuta wenyewe. Kisha tukapanga kuni upenuni na kujaza nyasi kavu kwenye magunia ya kulalia.

Lakini tundu moja sikulitaja. Lilikuwa juu ya gunia langu, dogo kama la kifungo cha shati, na kupitia hapo niliiona njia ya Baba. Baba alikuwa akinunua ng'ombe Ogwedhi na kuwaswaga kwa miguu hadi mnadani Rodi Kopany, na aliweza kupotea wiki mbili nzima. Kila asubuhi nilibandika jicho pale. Niliamini kwamba nisipoilinda njia ile, hatakumbuka kuifuata.

Sikujua kwamba Mama, kwa kuwa kona yangu ndiyo iliyokuwa kavu kuliko zote, angemlaza Omondi pale nikienda mtoni. Niliporudi na maji nilimkuta Mama analia bila sauti. Miguu ya mtoto ilikuwa imepoa hadi magotini, midomo imepiga zambarau, na titi hataki. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika.

Dani alimchukua, akafungua blauzi, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunga leso mbili juu yake na kuketi kando ya mafiga.

Nilisimama mlangoni, machozi na makamasi yamekuwa kitu kimoja. "Dani, ni mimi. Niliacha tundu."

Hakugeuza kichwa. "Basi nenda ukalizibe," alisema polepole. "Halafu uniletee kuni."

Nililiziba kwa udongo mwingi mno, ukuta ukaota nundu. Siku tatu nilichochea moto na kumnywesha Dani uji kwa kijiko, maana hakutaka kumwachia mtoto hata kwa mkono mmoja, ila Mama alipokamua maziwa na kumdondoshea kinywani. Siku ya tatu Omondi alilia kwa hasira, kama mzee aliyevunjiwa heshima, akalidai titi. Dani alicheka hadi mtoto akatikisika. Baba alirudi jioni hiyo, sikumwona akija.

Omondi sasa ni jitu linaloinama kupita mlangoni, na hulala madirisha wazi. Lakini mimi kosa lile nililibeba miaka mingi, mpaka juma tulilomzika Dani, Mama aliponieleza. Siku ya kukandika, Dani aliliona lile tundu kutoka nje, udongo ukiwa tayari mkononi. Akaliona pia jicho langu likichungulia njia. Akapita, ili nipate kumngojea baba yangu. Hayo alimwambia Mama asubuhi ileile mtoto alipopoa, huku akilia.

Siku zile tatu Dani hakunitazama usoni hata mara moja. Nilidhani ni hasira. Kumbe bibi yule alikuwa akinionea haya.