Majina Kumi na Moja Juu ya Mlango

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali na barabara ya Isebania ikaanza kutoa mvuke.

Siku hiyo Mogaka, fundi mwashi, aliegemeza ngazi yake kwenye ukumbi wetu wa zamani, uliokuwa baraza wakati wa mkoloni. Alihamia kwetu kutoka Kisii akiwa kijana, Msabato mpole, na nusu ya maduka ya mji yalipigwa plasta na mkono wake. Alijulikana kwa jambo moja: hakuacha kiraka. Ukimwita kuziba ufa, alibandua ukuta mzima akaupiga upya.

Juu ya mlango kulikuwa na taji la saruji, nembo ya mfalme wa Uingereza, na chini yake jina la chifu aliyelitumikia taji hilo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, yalikuwepo majina kumi na moja ya wanaume ambao chifu huyo aliwatoa wakawe wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wasirudi.

Mkutano wa kuamua kama vitu hivyo vibaki ulikuwa umetangulia, nao ulikuwa mkali.

"Babu yangu ndiye aliyejenga ukumbi huu," alisema Okari, mjukuu wa chifu.

"Kwa mgongo wa nani?" Bathsheba akamjibu. "Babu yangu Wangwe yuko pale ukutani kwa sababu ya babu yako. Kaburi lake hatulijui. Ondoeni taji, ondoeni chifu, lakini Wangwe mniachie."

Tukakubaliana hivyo. Mimi nilikuwa karani. Niliandika "majina kumi na moja yabaki", na sikunakili hata moja.

Mogaka alibomoa taji, kisha jina la chifu. Alipogonga chini yake kwa mpini wa nyundo, akasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Plasta ilikuwa imeachana na ukuta. Fundi mwingine angeipita. Yeye aliibandua yote mpaka kwenye matofali, na kufikia saa kumi ukuta ulikuwa mpya, laini kama sahani.

Bathsheba alifika akitoka sokoni, kapu mkononi.

"Fundi, majina yako wapi?"

"Plasta ilikuwa imekufa, mama. Nilidhani mnayo kwenye karatasi."

Mohammad, mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Mogaka! Wewe ukiambiwa unyoe ndevu, unakata kichwa!"

Watu wakacheka. Bathsheba alichutama kwenye kifusi akageuza vipande kimoja kimoja. Alipata kimoja chenye herufi mbili, nazo hazikuwa za Wangwe.

"Mngeacha vyote kama vilivyokuwa," Okari alisema polepole.

Mogaka akachutama kando ya Bathsheba. "Unakumbuka yapi, mama?"

Alimkumbuka Wangwe, na wengine watatu waliotoka boma za jirani. Yale saba hakuyajua, wala Okari, wala mimi niliyepita chini yake miaka ishirini.

Kesho yake asubuhi Mogaka alirudi kabla maduka hayajafunguliwa. Alikata mstatili juu ya mlango, katika ukuta wake laini, akaujaza saruji mbichi, na kwa ncha ya msumari akaandika majina manne. Chini yake akachora mistari saba mitupu. Kisha akateremka, akabeba ngazi na kuondoka bila kusawazisha kingo.